MGANGA HAJIGANGI
Historia fupi ya waliouguza wengine siku za Ebola, na ya mzigo waliouchukua moyoni



Katika kitabu hiki cha jubilei mnasoma habari za wale waliojenga: waliochoma matofali, waliopasua mbao, waliofundisha katekisimu chini ya miti kabla kanisa halijapata paa. Ni haki yao kutajwa. Lakini tumeona vema kutenga kurasa chache kwa ajili ya watu wengine ambao siku ya sikukuu husahauliwa: waganga, wauguzi, masera wa dispensari, wafagiaji wa lopitali na wazikaji. Siku za amani tunawaita usiku na mchana. Siku za tauni tunawakimbia. Na tauni inapokwisha, tunahesabu waliokufa na waliopona, lakini hatuulizi: yeye aliyewauguza, moyo wake umebaki namna gani?

Wazee walisema: mganga hajigangi. Mara nyingi tunalitumia neno hilo kwa kumcheka mtu anayejua kusaidia wengine na kushindwa kujisaidia mwenyewe. Lakini historia ya inchi yetu tangu mwaka wa 1976 inatuonyesha kwamba neno hilo si la kicheko. Ni onyo. Anayeuguza wengine anahitaji naye mtu wa kumuuguza. Na akimkosa, siku moja mikono yake itaanguka, hata kama miguu yake ingali inasimama.

1. Yambuku, mwaka wa 1976

Yambuku ni misioni ya zamani upande wa kaskazini, katika eneo la Bumba, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Mongala. Lopitali yake ilianzishwa na wamisionari wa Ubelgiji mwaka wa 1935. Katika mwaka wa 1976 ilikuwa na vitanda 120 na watumishi wa afya 17, nao walipokea maelfu ya wagonjwa kila mwezi. Kwa kazi hiyo yote, wauguzi waligawiwa kila asubuhi mabomba 5 tu ya sindano, yakatumika kwa huyu na kwa yule, mara nyingine kwa kuoshwa katika maji ya vuguvugu tu. Haikuwa ubaya wa moyo. Ulikuwa ufukara, na wakati ule haukushangaza mtu.

Mwisho wa mwezi wa Agosti, mwalimu mmoja wa shule ya misioni alifika akiwa na homa. Walidhani ni malaria, akapigwa sindano. Tarehe 8 Septemba alikufa. Kisha wakafuata wengine waliopita katika lopitali ile ile, na waliowauguza nyumbani, na waliowaosha maiti. Kati ya watumishi 17, wagonjwa walikuwa 13, nao 11 walikufa, pamoja na masera wa Kibelgiji. Tarehe 30 Septemba lopitali ilifungwa, kwa kuwa hapakubaki wa kuifungua. Kwa jumla waliougua walikuwa 318, na waliokufa 280.

Wataalamu walipofika katika mwezi wa Oktoba, walikuta jambo ambalo mmoja wao, Peter Piot, alilisimulia baadaye. Masera waliobaki walikuwa wamejifungia katika nyumba ya wageni. Walikuwa wamesoma kwamba siku za tauni yafaa kuweka mpaka. Basi wakafunga kamba ya bandeji kuzunguka nyumba, wakatundika na tangazo la kuwaonya watu wasipite, maana anayepita aweza kufa. Humo ndani walikuwa wakisali na kungoja zamu yao. Mgeni yule alipovuka kamba, akawasalimu kwa lugha ya kwao, walilia.

Tulitafakari kidogo jambo hilo. Mgeni hakuwa na dawa, kwa sababu dawa haikuwepo. Hakuwa na chanjo. Alichokuwa nacho ni salamu, na miguu iliyokubali kuvuka kamba. Huo ndio ulikuwa msaada wa kwanza kwa mioyo ya wale waliouguza Yambuku.

Lakini kulikuwa na mzigo mwingine ambao salamu haiwezi kuutua. Uchunguzi ulionyesha kwamba sindano za lopitali ndizo zilizoeneza ugonjwa kwa watu wengi, hata kwa mama wajawazito waliokuja kutafuta nguvu. Fikirini moyo wa muuguzi anayeambiwa kwamba mkono wake uliotaka kuponya ndio uliopitisha kifo. Hapana hakimu anayeweza kumhukumu. Lakini yeye mwenyewe hujihukumu kila usiku. Katika habari zilizoandikwa juu ya Yambuku, mengi yamesemwa juu ya damu iliyopelekwa Ulaya na Marekani katika chupa. Juu ya usiku wa namna hiyo yamesemwa machache.

Huko Kinshasa, katika lopitali ya Ngaliema, muuguzi kijana aitwaye Mayinga N'Seka alimuuguza sera mmoja aliyeletwa kutoka Yambuku. Akaambukizwa, akafa mwezi wa Oktoba. Kabla ya kulazwa alikuwa akizunguka mjini kutafuta karatasi za safari, kwa maana alitumaini kwenda kusoma ng'ambo. Wengine walimlaumu kwa kuzunguka kwake. Sisi twaona humo alama ya woga ambao kila muuguzi anaujua: kuukana ugonjwa, kwa sababu kuukiri ni kuzika matumaini yote kwa neno moja.

2. Kikwit, mwaka wa 1995

Baada ya miaka 19 ugonjwa ulitokea Kikwit, katika Bandundu. Mwezi wa Aprili 1995 mtumishi mmoja wa laboratwari alipasuliwa tumbo katika lopitali kuu; watu wakadhani ni ugonjwa wa matumbo. Wengi wa wale waliosimama kuzunguka meza ile ya upasuaji waliambukizwa. Mwishowe walihesabiwa wagonjwa 315, na katika kila kumi karibu wanane walikufa. Kati ya wagonjwa hao, 80 walikuwa watumishi wa afya: yaani mmoja kwa kila wanne.

Miongoni mwa waliokufa walikuwa masera 6 wa shirika la Maskini wa Bergamo, kutoka Italia. Sera Floralba Rondi, aliyefanya kazi katika chumba cha upasuaji, alikufa tarehe 25 Aprili. Wakamfuata Clarangela Ghilardi, Danielangela Sorti, Dinarosa Belleri, Annelvira Ossoli na Vitarosa Zorza, wa mwisho tarehe 28 Mei. Ni mwezi mmoja na siku tatu tu. Hawakufa kwa siku moja kama watu wa ajali. Walikufa mmoja baada ya mwingine, kwa maana aliyebaki alikwenda kumuuguza aliyetangulia. Katika mwaka wa 2021 Papa Fransisko alitangaza kwamba wote sita waliishi fadhila za kikristu kwa namna ya kishujaa, wakaitwa Waheshimiwa.

Eklezya imefanya vema kuwaheshimu. Lakini tujihadhari: heshima ya shujaa isiwe kisingizio cha kumwacha peke yake. Tukimwambia muuguzi «wewe ni shujaa», pengine tunamfunga kinywa, kwa kuwa shujaa haruhusiwi kusema: naogopa, nimechoka, sikulala. Na pamoja na masera walikufa wauguzi wengi wa inchi yetu, baba na mama wa watoto, ambao majina yao hayakuandikwa katika magazeti ya Ulaya. Hao nao walikuwa na woga, wakaingia kazini pamoja na woga wao.

Waliopona wa Kikwit, walipoulizwa baadaye, walitaja mambo matatu: woga, kuukana ugonjwa, na haya. Na baada ya kupona, wengine walikuta majirani wakiwaogopa bado. Hata hivyo, katika Kikwit lilipandwa pia tunda jema. Waganga wa Kikongo waliwapa wagonjwa 8 damu ya wale waliokwisha kupona, na 7 kati yao waliishi. Miaka mingi baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ilipatikana dawa iitwayo mAb114. Pia chanjo iliyotumiwa kwetu katika Kivu ilitengenezwa kwa sehemu ya virusi vya Kikwit. Hivyo mateso ya wale wa 1995 yalikuwa ngao ya wale wa 2018.

3. Beni, Butembo na Ituri, 2018 hata 2020

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Haikuwa imetukuta katika amani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga katika mashamba na vijiji vyao, na swali lao lilikuwa la haki: wakati tulipokuwa tukiuawa hamkuja, leo kwa ugonjwa mmoja mmekuja na motokari nyingi hivi? Mwisho wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Siku iliyofuata watu wenye hasira walishambulia kituo cha kupokea wagonjwa mjini Beni.

Katika moto huo walisimama watumishi wa riposti, kama tulivyowaita kwa jina la Kifaransa. Wengi hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wetu wa Beni, wa Butembo, wa Mambasa: wauguzi, wapiga chanjo, waliofuatilia waliogusana na wagonjwa, na vijana wa Msalaba Mwekundu waliozika wafu kwa heshima na usalama. Mchana walivaa mavazi ya kujikinga; jioni waliyavua, wakaficha na beji katika mfuko, ili jirani asijue walikotoka. Mgeni alikuwa na hoteli na siku ya kurudi kwao. Mwenyeji alilala katika mtaa ule ule uliotupa mawe.

Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo, wakamwua daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliyekuwa katika mkutano na wenzake. Siku chache baadaye waganga wa Butembo waliandamana wakidai walindwe. Tena, usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019, watumishi 4 waliuawa huko Biakato Mines na Mangina.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287, waliopona 1,171. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Watumishi wa afya waliougua walikuwa zaidi ya 160. Ni sehemu ndogo kuliko ya Kikwit, na chanjo ilisaidia sana. Mwili ulilindwa vizuri zaidi kuliko zamani. Je, moyo nao?

Tukiri kwamba safari hii kazi fulani ilifanyika. Palikuwa na watumishi wa kisaikolojia katika kila kikosi, ambao waliketi na wagonjwa, na familia, na mara nyingine na wauguzi wenyewe. Mjini Beni vilitumika vyumba vyenye kuta zinazoonekana ndani, hata mama aliweza kumwona mtoto wake, na muuguzi aliweza kumwangalia mgonjwa bila kuchemka muda wote katika vazi lake. Wauguzi waliandika majina yao juu ya vazi, ili mgonjwa ajue kwamba nyuma ya miwani ile kuna mtu. Na waliopona, ambao ugonjwa haukuweza kuwarudia upesi, waliitwa kuwabeba watoto wa wagonjwa katika vituo vya kulelea. Wengi walisema kwamba kazi hiyo iliwaponya mara ya pili.

Lakini tukiri pia mabaya. Mishahara ya riposti na ile ya muuguzi wa kituo cha afya cha kawaida ilikuwa kama mbingu na udongo. Wivu ukaingia, watu wakasema juu ya «biashara ya Ebola». Na Septemba 2021 tume huru ilieleza kwamba baadhi ya watu waliokuja kusaidia waliwadhulumu wanawake na wasichana. Waliotumika kwa uaminifu walibeba aibu ambayo haikuwa yao, juu ya uchovu uliokuwa wao.

4. Mzigo wenyewe ni upi?

Tunaweza kuugawa mafungu manne.

Kwanza ni woga: wa kuambukizwa, na zaidi wa kuupeleka ugonjwa nyumbani. Mama muuguzi anayemzuia mtoto wake asimkumbatie anaumia kuliko aliyepigwa.

Pili ni upweke. Muuguzi hagusi, hapewi mkono, hakaribishwi arusini. Watoto wake wanatengwa shuleni.

Tatu ni majuto. Nilimwacha mgonjwa akiwa peke yake, kwa maana saa yangu katika vazi ilikuwa imekwisha. Niliwazuia watu kumwosha baba yao. Nilimpokea mwenzangu kama mgonjwa, nikamtoa kama maiti.

Nne ni udhalimu: mshahara uliochelewa, glavu zilizokosekana, mkubwa anayetoa amri kutoka mbali na hasikilizi. Mzigo huu haubebwi kwa sala pekee. Unatuliwa kwa haki.

Mtu mwenye mzigo huo huota ndoto mbaya, hukosa usingizi, hukasirika kwa jambo dogo, hukimbilia pombe, ama moyo wake hufa ganzi hata asiweze kulia tena. Walio wengi hurudia hali yao wakipata pumziko na watu wa kuwasikiliza. Wachache huugua kweli, nao wahitaji mtaalamu. Wote wawili hawana pepo, wala si wadhaifu wa imani.

5. Yaliyojifunzwa

Katika mwaka wa 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni na wenzake walitoa kitabu cha msaada wa kwanza wa moyo. Mafundisho yake yaweza kukaa katika maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ameumia na anakosa nini. Sikiliza bila kumshurutisha aseme. Maana imeonekana kwamba kumlazimisha mtu asimulie yote mara moja baada ya balaa hakumponyi. Kisha umwunganishe na wale wawezao kumsaidia: jamaa, wenzake, kiongozi, mganga.

Tena kuna mambo ambayo si ya saikolojia, nayo ndiyo nguzo. Watumishi waingie kazini wawili wawili, kila mmoja akimchunga mwenziwe. Zamu ziwe na mwisho, na siku ya kupumzika iheshimiwe. Mshahara ufike kwa wakati wake. Mavazi na dawa visikosekane. Mkubwa aseme ukweli, hata ukiwa mchungu, kwa maana uvumi huchosha kuliko kazi. Na aliyefiwa na mwenzake apewe nafasi ya kumlilia.

Kwa wale waliougua kweli, tunamshukuru Mungu kwa kazi ya mafurere wa Upendo, walioanzisha nyumba za kutunza wagonjwa wa akili kama Tulizo Letu kule Goma na Sosame kule Bukavu. Jina hilo la kwanza lingetosha kuwa mahubiri.

Sisi wakristu tunaye pia mfano wa kale. Nabii Eliya, baada ya kazi kubwa na vitisho vya kuuawa, alikwenda jangwani, akaketi chini ya mti akaomba kufa. Mungu hakumkaripia, wala hakumwambia aongeze imani. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Ndipo safari ya siku 40 ikawezekana. Usingizi na mkate vilitangulia. Maneno yalikuja baadaye, mlimani.

6. Na sisi je?

Balaa haikwisha mwaka wa 2020. Ebola ilirudi Butembo na Beni mwaka wa 2021. Mwaka wa 2025 ilitokea Bulape, katika Kasai. Siku ilipotangazwa, kati ya waliohesabiwa kufa 15, wanne walikuwa watumishi wa afya. Katika Januari ya mwaka huo huo vita vilifika Goma, na lopitali zilijaa majeruhi. Kila mara ni watu wale wale tunaowaita.

Basi jumuiya zetu ndogo za kikristu zifanye nini? Si mambo makubwa. Siku za hatari, jumuiya imtembelee muuguzi kama inavyomtembelea mfiwa: impikie, ichote maji, ilinde watoto wake wasichekwe. Mwenye nyumba asimfukuze mpangaji kwa kuwa anafanya kazi katika kituo cha matibabu. Padri asingoje aombwe. Apite mwenyewe, aketi, anyamaze kidogo. Na uvumi unapoanza, mkristu wa kweli aukate mdomoni mwake kabla haujawa jiwe mkononi mwa mwingine.

Wazee walisema pia: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unauona mwepesi kwa sababu hauko kichwani pako. Jubilei ni mwaka wa kutua mizigo. Siku ya misa ya shukrani, tunapowataja wajenzi wa kanisa hili, na watajwe pia waliouguza. Kisha, baada ya misa, amtafute kila mmoja yule muuguzi anayemjua, amwulize polepole: «Na wewe, unalala?» Naye akianza kujibu, tusitazame saa.